DAC gani ninunue? Barua zenu kuhusu mziki wa sebuleni

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na neno moja, DAC, yani kifaa kinachogeuza nyimbo za namba za kompyuta kuwa umeme wa sauti. Wengine mnaandika dak, wengine mnaita kiboksi cha USB, na wengi naona mmeshaambiwa dukani kwamba bila hicho kiboksi mziki wenu ni bure. Nimechukua barua sita, nimezifupisha kidogo, na nawajibu kama ningemjibu mdogo wangu akinipigia simu yuko dukani na hela mkononi.

SWALI: Shikamoo kaka. Nimerithi kwa marehemu baba amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 80 na spika mbili za kusimama, zote nzima. Napiga nyimbo kutoka kwenye laptopu kwa waya unaoingia tundu la hedifoni. Sauti ipo ila kuna mchakacho kwa mbali. Mwenye duka mmoja anasema DAC lazima iwe na chipu ya ESS, mwingine anasema AKM ndo tamu, wa tatu ananionyesha ya biti 32 na 768 kHz. Bei zinapishana mara kumi. Nichague ipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Kwanza hiyo amplifaya usiiuze, hata mtu akikupa bei nzuri usiiuze, ntakuambia kwanini huko mbele.

Tuanze na DAC yenyewe maana wauzaji wanaifanya ionekane uchawi. Nyimbo zilizomo kwenye laptopu yako ni namba tupu. CD ilipoingia sokoni Japani Oktoba 1982, Sony na Philips walikuwa wameshakubaliana kwamba kila sekunde moja ya sauti ikatwe vipande 44,100 kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila kipande kiandikwe kwa biti 16. Spika haijui namba, spika inajua umeme unaopanda na kushuka, kwahiyo lazima pawepo kitu katikati kinachosoma namba na kutoa umeme, na hicho ndo DAC, kazi yake ni hiyo basi. Maana yake wewe DAC tayari unayo, imo ndani ya laptopu, imo ndani ya simu, na kama una deki ya CD nayo inayo ya kwake. Swali lako sio kama ununue DAC, swali ni kama uliyonayo ndiyo inayokuharibia.

Na hilo unaweza kulijua leo usiku bila kutoa shilingi. Subiri nyumba itulie, zima feni, usipige wimbo wowote, panua volyumu mpaka pale unapopigia mziki siku zote, kisha weka sikio karibu na ile spika ndogo ya juu. Sasa sogeza mausi. Fungua ukurasa mzito wa intaneti. Kama ule mchakacho unabadilika kila ukisogeza mausi, unafanya kama vi-panya vinatembea juu ya dari, basi ni laptopu, kwasababu DAC yake imebanana kwenye bodi moja na prosesa na feni na mambo ya kuchaji, kelele zao zinavuja zinaingia kwenye sauti. Hapo kiboksi cha nje kitakusaidia kweli kweli. Lakini ukichomoa waya wa laptopu kabisa na mchakacho bado upo, au unatokea pale tu unapozungusha kitasa cha volyumu, hiyo ni amplifaya yenyewe imeingia vumbi kwenye kitasa na kwenye swichi ya kuchagulia, mpe fundi aipulizie dawa ya kusafishia vitasa, kazi ya nusu saa. Nshaona watu wamenunua DAC ya bei mbaya kuponya ugonjwa wa kitasa kichafu, wakafika nyumbani wakakuta mchakacho unawasubiri pale pale.

Haya, tuseme umepima na ni laptopu. Sasa hizo namba kubwa. Sikio la kijana mzima linasikia mpaka kama hezi 20,000, na hesabu zinasema ukichukua vipande kwa kasi inayozidi mara mbili ya hapo umeshakamata kila kitu kilichomo chini ya hapo, na sio karibu kila kitu, ni chote. Ndo maana wakaenda 44,100. Biti 16 nazo zinakupa nafasi ya kama desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na ukimya, na sebule ya Tanga yenye feni, jirani na pikipiki haina ukimya wa kuzimaliza hizo. Kwahiyo 768 kHz, yani vipande 768,000 kwa sekunde, na biti 32 iwepo isiwepo wewe usiilipie hata senti moja.

Chipu je? ESS na AKM ni kampuni mbili zinazotengeneza chipu za DAC. Mwezi Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua moto, chipu zao zikaadimika dunia nzima, na watengenezaji wengi wakalazimika kuhamia ESS. Topping kwa mfano walikuwa na D90 yenye chipu ya AKM, baada ya moto wakaja na D90SE ya ESS, na zote mbili ukizipima ziko safi kupita kiasi ambacho sikio linaweza kugundua. Chipu ni kama injini, gari halijakamilika kwa injini peke yake, kuna umeme unaoilisha, kuna saketi ya kutolea sauti, kuna jinsi bodi ilivyopangwa. DAC mbovu yenye chipu ya jina kubwa ipo, na nzuri yenye chipu ambayo hakuna anayeitaja ipo vilevile.

Mfano wa karibu kabisa ni kile kiwaya cha Apple cha kutoa USB-C kwenda tundu la hedifoni, kinachouzwa Marekani kwa dola 9. Ndani ya ile pini ndogo mna DAC nzima, na vipimo vyake vinaviacha mbali viboksi vingi vyenye taa na kitasa cha aluminiamu. Kinatoa kama volti 1, na amplifaya nyingi za Kijapani za wakati ule zinataka volti 0.15 tu kwenye tundu la AUX ili kufika nguvu yake yote, kwahiyo kinatosha na kubaki. Angalizo tu, kile kilichotengenezwa kwa soko la Ulaya sauti yake ni ndogo zaidi, na ukikitumia kwenye simu ya Android mara nyingi sauti inakuja chini, ila kwenye laptopu kinapiga kazi vizuri.

Mimi ningekuwa wewe ningechagua DAC kwa matundu yake. Kaa chini uandike nyumbani kwako kuna nini kinachotoa mziki. Laptopu tu? Basi USB peke yake inatosha. Kuna tivii pia? Tafuta yenye tundu la optikali, la waya unaopitisha mwanga. Watoto wanataka kupiga kwa simu wakiwa wamekaa kwenye kochi? Tafuta yenye bluetuthi ndani yake. Angalia nyuma kama ina matundu mawili ya RCA, nyekundu na nyeupe, maana amplifaya yako ndo inachoelewa, hizi za XLR za pini tatu hazikuhusu. Angalia inakula umeme gani, ukipata inayotumia volti 5 za USB ni raha kuliko zenye adapta yake maalum, maana adapta ikifa utaitafuta nchi nzima, na ile ya kuja na mzigo kutoka Marekani au Japani inaweza kuwa ya volti 120 au 100, ukiichomeka kwenye 230 zetu inaaga dunia hapo hapo. Viboksi vya bei ya dola 70 mpaka 120 vya kampuni kama Topping, SMSL au FiiO vinakupa haya yote, na juu ya hapo unalipia matundu zaidi, skrini, rimoti na urembo wa boksi, sauti yenyewe inakuwa imeshafika.

Jambo moja linalodanganya watu wengi sana, naomba ulisome mara mbili. DAC ya mezani kawaida inatoa volti 2, laptopu au kiwaya kinatoa 1 au pungufu. Volti mbili dhidi ya moja ni tofauti ya desibeli 6. Ukichomeka kiboksi kipya bila kugusa kitasa mziki unapasuka, besi inakaa kifuani, unasema duh, hii ndo DAC bana! Kumbe umeongeza sauti tu, na sikio siku zote linapenda chenye sauti kubwa hata kama ni kubwa kwa kidogo mno. Ukitaka kulinganisha kwa haki azima mita ya fundi umeme, weka kwenye volti za AC, piga mlio mmoja wa hezi 60 au 100 kwa sauti ya chini, gusa nyuma ya amplifaya kwenye vishikio vya waya wa spika, tuseme isome 0.50. Badilisha kifaa, zungusha kitasa mpaka isome 0.50 tena, bandika kipande cha selotepu kuonyesha kitasa kilipo kwa kila kifaa. Alafu mwambie mtu mwingine awe anabadilisha bila kukuambia ipi ni ipi. Ukizitambua mara tisa kwa kumi, nunua ile ghali kwa moyo mweupe. Ukikosa, weka hela yako mfukoni.

Na usije ukachomeka DAC kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Hilo ni la sahani za santuri, lina ukuzaji mkali wa ndani na linaongeza besi kusudi, sauti itatoka nzito inapasuka utadhani umeuziwa feki. AUX, CD, TUNER, TAPE, popote kati ya hayo. Laptopu iweke volyumu asilimia 100, upunguze kwa kitasa cha amplifaya.

Nilisema ntakuambia kwanini usiiuze. Spika za kusimama na amplifaya nzima ndo sehemu ya mziki inayobeba tofauti kubwa ya sauti, DAC inakuja nyuma kabisa, na wewe ile sehemu ngumu na ya ghali mzee ameshakuachia.

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Nimenunua DAC ya USB, nimeiunga kwa laptopu na kwa amplifaya yangu yenye plagi ya pini tatu. Inavuma mmmmm muda wote, lakini nikichomoa chaja ya laptopu inanyamaza kabisa. Ni mbovu nikairudishe? (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam dada. Usiirudishe, ni nzima, na kipimo ulichofanya wewe mwenyewe cha kuchomoa chaja ndo kipimo chenyewe, fundi angekuja angefanya hicho hicho.

Kinachotokea ni hivi. Chaja ya laptopu ina waya wa ardhi, na amplifaya yako nayo ina waya wa ardhi, zote zinakutana ukutani. Alafu ukaziunga tena huku mbele kwa waya wa USB na wa RCA. Sasa ni duara kamili, umeme mdogo unazunguka humo, na kwakuwa umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde ule mzunguko unausikia kama mvumo. DAC ghali zaidi ya USB mara nyingi itavuma vile vile, maana duara liko pale pale.

Anza na cha bure, chomeka laptopu na amplifaya kwenye ekstensheni moja, sio moja huku na nyingine kule ukuta wa pili. Mara nyingi mvumo unapungua, wakati mwingine unaisha. Ukibaki, nenda maduka ya redio za magari uulize kile kidude cha kuzuia mvumo cha RCA, ambacho watu wa magari wanakiweka redio inapolia pamoja na injini. Ndani kina vitransfoma viwili vinavyopitisha sauti bila kuunganisha waya wa ardhi, unakiweka kati ya DAC na amplifaya. Vile vya bei ya chini kabisa vinakula besi kidogo, ila ukilinganisha na kuvumiwa saa nzima ni nafuu kubwa. Dawa safi kabisa ni waya wa optikali kwasababu unapitisha mwanga na sio umeme, hamna pa kupita mzunguko, lakini laptopu nyingi hazina tundu hilo, kompyuta za mezani ndo mara nyingi zinalo. Au piga mziki kwa betri ya laptopu, chaja ukaiweka baadae.

Kitu ambacho nakuomba usikubali hata kama fundi atakuambia ndo dawa, ni kukata ile pini ya juu ya plagi, au kulegeza waya wa ardhi ndani ya plagi. Nilishamkuta jirani yangu amefanyiwa hivyo, mvumo uliisha kweli na alifurahi, ila siku waya wa ndani ya amplifaya ulipogusa boksi la chuma hapakuwa na pa kwenda ule umeme, ukasubiri mkono wa mtu. Alirushwa akaangukia kabati, Mungu akamnusuru. Nyumba yenye watoto watatu hiyo pini ni ya kulindwa kuliko mziki wowote.

SWALI: Habari boss. Nimenunua kile kiboksi kidogo cha optikali kwenda RCA nitoe sauti ya tivii kwa mziki. Nikiwatch news iko sawa lakini nikiingia kwa muvi au mpira, kimya, wakati mwingine inatoa kelele ya krrrr. Nimebadilisha kebo mara mbili. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kebo haina kosa, na kiboksi hakina kosa. Habari zinarushwa kwa sauti ya kawaida ya pande mbili, ile inaitwa PCM, na kiboksi chako hiyo ndo lugha pekee kinayoijua. Muvi na mpira zinakuja na sauti iliyofungwa kwa Dolby Digital ya spika tano na sabufa, tivii inaipitisha kama ilivyo, kiboksi kinaona fujo, kinanyamaza au kinajaribu kuisoma kama PCM ndo hiyo krrrr. Ingia setingi za tivii, upande wa sauti, tafuta palipoandikwa Digital Output au Optical Output, utakuta Auto au Bitstream au Dolby, badilisha iwe PCM. Kama dikoda yako imeungwa kwa HDMI ingia na kwake ufanye hivyo hivyo, weka stereo au PCM. Itapiga.

Mengine madogo. Waya mpya wa optikali unakuja na vifuniko vya plastiki vya uwazi kwenye ncha zote mbili, vitoe, wengi wanausukuma waya navyo na tundu linavunjika. Ukiuchomeka upande wa tivii ile ncha nyingine lazima iwake nyekundu. Usiukunje kwa kona kali nyuma ya kabati, ndani ni plastiki ya kupitisha mwanga na ikikatika haiungwi. Na chomeka umeme wa kiboksi kwenye USB ya tivii yenyewe ili viwake na kuzima pamoja. Rimoti ya tivii huenda isipunguze sauti ya optikali, tivii nyingi zinaitoa ikiwa imefungwa kiwango kimoja, kwahiyo rimoti utakayotembea nayo ni ya amplifaya, na kama amplifaya yako haina rimoti basi tafuta DAC yenye rimoti yake, hapo ndipo pesa ya ziada ina maana.

SWALI: Asalaam alaykum ndugu. Niko Muscat kikazi, nasikiliza kwa Tidal, ile huduma ya mziki ya mtandaoni. Nimeona DAC mbili zinafanana, moja ina alama ya MQA na ni ghali zaidi, muuzaji anasema bila hiyo sipati sauti ya studio. Na je kuna faida ya kupanda kutoka CD kwenda 192 kHz? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam. Chukua isiyo na alama, upesi kabla hajakushawishi zaidi. MQA ilikuwa njia ya kukunja faili kubwa la sauti liwe dogo, na ilihitaji leseni, ndo maana boksi linakuwa ghali. Kampuni yake ilishindwa kujiendesha ikawekwa chini ya wasimamizi Aprili 2023, Lenbrook wa Kanada wakainunua Septemba mwaka huo, na Tidal wenyewe wakaiondoa Julai 2024 wakabaki na FLAC, aina ya faili isiyotupa chochote cha sauti. Yani anakuuzia ufunguo wa mlango ambao Tidal wameshaung'oa.

Kuhusu 192 kHz, watafiti wawili wa Marekani, Meyer na Moran, walitoa mwaka 2007 matokeo ya jaribio la zaidi ya mwaka. Walichukua diski za SACD na DVD-A, sauti za juu kabisa za wakati ule, wakawa wanazipitisha moja kwa moja, au wanazipitisha kwenye kifaa kinachozishusha mpaka kiwango cha CD, msikilizaji hajui ipi ni ipi. Mara 554 walijaribu, mara 276 wakapatia. Hiyo ni nusu, sawa na kurusha shilingi juu. Na hao walikuwa watu wa mziki, sio wapita njia. Kwahiyo raha yako usiitafute kwenye 192, itafute kwenye rekodi iliyofanywa vizuri, na kwa huko Muscat kiyoyozi kikiwa kinapuliza sebuleni kizime nusu saa usikilize wimbo unaoupenda, utashangaa vitu vilivyokuwa vimejificha humo.

SWALI: Nina rumba za zamani kama 900 nilizozitoa YouTube, ziko MP3. Nikinunua DAC nzuri na nikizigeuza kuwa FLAC zitakuwa safi? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Hapana ndugu, na nasikitika kukuambia. MP3 inapunguza ukubwa kwa kutupa vipande vya sauti, na vikishatupwa havirudi. Kugeuza kuwa FLAC ni kumimina chai ya maji kwenye birika kubwa, itajaa nafasi tu. DAC nzuri itakuonyesha yale yale uliyonayo, pamoja na ile sauti ya matoazi inayosikika kama maji yanachemka.

Hela ya DAC igeuze CD. Rumba nyingi za miaka ya 60 na 70 zilitolewa tena kwenye CD, tafuta mitumba, uliza wazee. Saa moja ya CD ni kama MB 635, ukiisoma kwenye kompyuta ukaihifadhi kwa FLAC inashuka karibu nusu, bila kutupa hata namba moja. Ukipata hata CD thelathini za nyimbo unazozipenda kweli kweli utaacha kuzifungua zile 900.

SWALI: Asalaam alaykum. Bibi yetu kaacha kaseti za taarab kiasi arubaini, nyengine zimerikodiwa harusini hapahapa mtaani, wala hazikuuzwa popote. Nataka kuzitia kwenye flashi kabla hazijaoza. Ninunue DAC gani? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Waalaykum salaam, na bibi Mungu amrehemu. Hii ndo barua iliyonikaa moyoni mwezi mzima, kwahiyo nisikilize vizuri. Wewe huhitaji DAC, unahitaji kinyume chake, kitu kinachosoma umeme wa deki ya kaseti na kuugeuza namba. Dukani uliza kadi ya sauti ya USB ya kurekodia, na hakikisha ina matundu mawili ya LINE IN, kushoto na kulia, maana nyingi ndogo zina tundu la maikrofoni tu na hilo litapasua sauti. Vile viredio vya plastiki vya kaseti vyenye USB yake usivinunue, mota zake zinayumba na sauti ya muimbaji inakuwa kama mlevi. Azima deki nzuri ya zamani, moja iliyotunzwa.

Kabla ya kaseti ya kwanza, chovya pamba ya kijiti kwenye spiriti kali ya asilimia 90 na zaidi, futa kichwa cha kusomea na kile kigurudumu cha mpira, pamba itatoka ya kahawia, rudia mpaka itoke nyeupe, acha ikauke. Alafu kuna siri moja. Pembeni ya kichwa cha deki kuna skrubu ndogo, mara nyingi imepakwa rangi kidogo ili isicheze. Piga kaseti, na kwa bisibisi ndogo isiyo na sumaku izungushe polepole sana, robo ya mzunguko haifiki, huku unasikiliza. Utafika mahali ghafla sauti inafunguka, kanuni na fidla zinatoka kwenye blanketi, herufi S za muimbaji zinasikika. Hapo acha. Kila kaseti iliyorekodiwa kwa redio tofauti itakuwa na mahali pake, na zile za harusini zitahangaisha zaidi, ndo zenye thamani zaidi.

Rekodi kwa biti 24 na 48 kHz. Najua huko juu nimesema 16 zinatosha, na kwa kusikiliza zinatosha, ila kwenye kurekodi biti 24 zinakupa nafasi ya kuweka sauti chini kidogo usipasue pale ngoma zinapopanda na akina mama wanapopiga vigelegele. Kaseti imelala miaka mingi, kwahiyo ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe kabla ya kuipiga, tepu isije ikanata. Usiisafishe kelele kwa programu siku hiyo hiyo, hifadhi kwanza ile ghafi kama ilivyotoka, mbili au tatu, moja ikae nyumba nyingine. Piga picha maandishi ya bibi kwenye kila kaseti. Na kwenye rekodi usikate yale ya mwanzo na mwisho, watu wanapoitana na viti vinaburutwa na mtoto analia, kuna mtu mtaani kwenu atamsikia mama yake humo.